Fataki Ndiyo Iliyokwamisha

Watoza sarafu wanaofuatilia historia ya Tanganyika huzitafuta sana sarafu mbili zilizofuliwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli ya Tabora. Moja ni ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, huko Iramba, katika mkoa tunaouita Singida leo. Nyingine ni ya heller 20, nzito na ya kazi mbaya, iliyopigwa kwa shaba ya kuokoteza. Inasimuliwa kwamba sehemu ya shaba hiyo ilitoka kwenye maganda ya mizinga.

Hiyo ya pili ndiyo inayonivutia. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani waliotawala nchi hii lilikuwa limefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, na kila risasi ilihesabiwa. Jeshi lenye njaa ya risasi linawezaje kugeuza maganda kuwa fedha ya matumizi? Ni kwa sababu ganda tupu si risasi. Ukiwa na shehena nzima ya maganda lakini ukakosa kitu kimoja kidogo, una vyuma chakavu tu.

Risasi ya bunduki ya kisasa ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna ganda la shaba ya manjano. Ndani ya ganda kuna baruti. Mdomoni kuna risasi yenyewe, kile kipande cha madini kinachoruka. Kitakoni, kwenye kikombe chenye upana wa milimita tano hivi, kuna fataki. Sindano ya bunduki ikigonga kitako, dawa iliyo ndani ya fataki inalipuka, cheche inapenya tunduni, baruti inashika moto na gesi yake inaisukuma risasi mtutuni. Ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti: kuni zinaweza kujaa uani, lakini bila hicho kichwa hakuna chai.

Baada ya mlio, risasi na baruti zimekwenda na fataki imekufa. Ganda hubaki. Shaba ya manjano ya maganda kwa kawaida ni asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki, na mchanganyiko huo una tabia nzuri sana: gesi ikiwaka ganda hutanuka na kuziba chumba cha bunduki, kisha hunywea kidogo na kutoka bila kung'ang'ania. Ndiyo maana ganda moja linaweza kutumika zaidi ya mara moja. Nchini Marekani na katika sehemu za Ulaya wapo watu wengi ambao kujaza maganda upya ndiyo starehe yao. Mlenga shabaha hukusanya maganda yake uwanjani, huyasafisha na kuyarudisha kwenye umbo, kisha huyajaza upya mezani kwake kwa vitu vya kununua dukani. Ganda huzidi kuwa gumu kila linapofyatuliwa, mpaka shingo yake inapasuka nalo linatupwa.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu tukio kubwa la kujaza risasi upya wakati wa uhaba, katika historia ya Afrika Mashariki, lilifanyika Moshi.

Januari 18 na 19, mwaka 1915, majeshi ya Wajerumani chini ya kamanda Paul von Lettow-Vorbeck yalipigana na Waingereza huko Jasini, pwani ya kaskazini ya Tanga. Wajerumani walishinda, lakini walichoma risasi 200,000 hivi kwa siku mbili. Lettow-Vorbeck akapiga hesabu akaona kwamba kwa akiba iliyobaki angeweza kupigana vita vya namna hiyo labda mara tatu zaidi. Na akiba hiyo ilikuwa imenenepeshwa na bahati, kwani miezi miwili tu nyuma, kwenye vita vya Tanga vya Novemba 1914, walikuwa wameteka risasi zipatazo 600,000 zilizoachwa na Waingereza wakikimbilia meli zao. Askari wengi bado walibeba bunduki za muundo wa 1871 zenye kutumia baruti nyeusi. Kila anayefyatua alijifichua kwa wingu la moshi.

Aprili 14, 1915, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiiandama. Nahodha wake aliijaza maji ikakaa chini kwenye maji ya kina kifupi, na moto ukawaka sitahani. Waingereza walipiga mizinga, wakaona moshi, wakaridhika kwamba imekwisha. Kumbe mzigo ulikuwa chini ya maji, umesalimika na moto. Wajerumani wakatumia wiki kadhaa kuupakua: bunduki za kisasa, makombora ya mizinga, na risasi kwa mamilioni. Karibu risasi zote zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Mwanzoni zilionekana nzima. Kisha risasi zilizogoma zikaanza kuongezeka. Ikabidi shehena yote ipelekwe Neu-Moshi, mahali reli ya Usambara ilipoishia, ambapo leo ni mji wa Moshi. Huko, kwa miezi, askari na kila mtu aliyeweza kupatikana waliketi kuanzia asubuhi hadi usiku wakifungua risasi moja moja, wakiisafisha na kuikausha baruti, wakizifunga tena. Hao ndio waliokuwa mafundi wa kujaza risasi upya, na majina yao hayakumbukwi.

Kila kitu kati ya vile vinne kilivumilia bahari kwa namna yake. Risasi yenyewe haikuwa na neno, futa na uendelee. Baruti isiyo na moshi hutengenezwa kwa pamba iliyotiwa tindikali, nayo haiyeyuki majini, hivyo ikioshwa chumvi na kukaushwa inaweza kuwaka tena, ingawa nguvu yake haiwi sawasawa kutoka risasi hii hadi ile. Ingekuwa baruti nyeusi wangelia, kwa sababu ndani yake mna shura, na shura huyeyuka majini kama chumvi ya mboga. Ganda la shaba hubadilika rangi, na chumvi ikilikalia muda mrefu huila zinki na kuliacha dhaifu, lakini kwa wiki chache linasalimika.

Fataki haikusalimika. Dawa yake ni ya kemia nyeti, kiasi chake ni kidogo mno, na unyevu ukiigusa hulala usingizi. Haioshwi wala haikaushwi kwa kuaminika, na kuitengeneza upya kunahitaji kiwanda, si meza ya stesheni. Kazi ya kuing'oa nayo ilikuwa ya taabu. Ganda la kijeshi la Kijerumani lilifuata mfumo wa Berdan, ambamo cheche hupitia matundu madogo ya pembeni, kwa hiyo huwezi kupenyeza kijiti katikati ukaisukuma fataki nje. Mfumo mwingine, wa Boxer, una tundu moja la katikati, na ndio unaowarahisishia kazi wapenzi wa kujaza risasi leo. (Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukapendwa Ulaya, na Boxer alikuwa Mwingereza na wake ukatawala Marekani.)

Kilichowaokoa Wajerumani ni kwamba ndani ya koloni zilipatikana fataki nyingine, za miundo tofauti. Zikatiwa hizo, kwa kubahatisha. Matokeo yake Lettow-Vorbeck aliyaeleza mwenyewe baada ya vita. Risasi chache ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha tu, maana rashasha ikikwama katikati ya mapigano ni maafa. Zile zilizojazwa upya zikapimwa. Fungu ambalo risasi moja katika tano iligoma likapelekwa vitani. Lililogoma zaidi ya hapo likawa la mazoezi.

Moja katika tano! Fikiria askari amelala nyasini, adui yuko hatua mia mbili, anavuta kifyatulio na kusikia mlio mkavu wa chuma. Na hilo ndilo fungu zuri. Kwa risasi hizo walipigana mwaka mzima wa 1916, Kondoa Irangi mwezi Mei, kisha wakarudi nyuma wakati majeshi ya upande wa Waingereza chini ya jenerali van Deventer yaliposhuka hadi reli ya kati na kuchukua Dodoma, Saranda na Kilimatinde, ambako boma la Wajerumani lilisimama juu ya bonde la ufa. Karibu risasi zote za kisasa zilimalizikia kwenye vita vya Mahiwa, Oktoba 1917. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma, wakawavamia Wareno huko Negomano, wakachukua bunduki za Kireno pamoja na risasi zake, na zile za kwao wakaachana nazo. Uhaba wa fataki hatimaye ulitatuliwa kwa kubadilisha bunduki.

Wakoloni waliujua umuhimu wa kitu hiki kidogo zamani kabla ya Jasini. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, unaokumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya watumwa, uliweka pia masharti ya silaha kwa eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki bora zilizuiwa. Zilizoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni zile za jiwe la gumegume, zenye mtutu usio na mifereji ya ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Tazama kilichoachwa na kilichonyimwa: mwenyeji angepata chuma na angepata baruti, lakini asingepata silaha inayotegemea fataki, achilia mbali risasi kamili. Kwa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ikikatiza Mgunda Mkali, ile nyika kavu ya Manyoni na Itigi, bunduki ya kupakia mdomoni ilikuwa rafiki wa kawaida. Gobore la leo ni mjukuu wake.

Kwa tabia yake gobore ni silaha ya wakati wa uhaba. Halina ganda la kupoteza. Mwenye nalo hushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, kisha goroli au vipande vya chuma. Magobore mengi yaliyosalia, hata hivyo, huwashwa kwa fataki, na hapo ndipo ubunifu wa mtaani unapoanza. Njia wanazotumia watu kutafuta mbadala wake sitazieleza. Dawa inayolipuka kwa kuguswa haichagui kama imeguswa na nyundo ya bunduki au na kidole cha fundi. Wanyaturu wa Singida, kwa upande wao, wana simulizi ya silaha isiyohitaji cheche kabisa: Liti, mwanamke aliyewapelekea Wajerumani nyuki, ambaye jina lake sasa lipo kwenye uwanja wa mpira wa Singida mjini. Katika mkoa wa asali, risasi za namna hiyo hazijawahi kuadimika.

Karne moja baadaye Wamarekani walijifunza somo lile lile la Neu-Moshi wakiwa na maduka makubwa na barabara za lami. Mwaka 2020, korona ilipoingia na ghasia za kisiasa zikapanda, maombi ya kuchunguzwa kwa wanunuzi wa bunduki yalifika karibu milioni 40, kutoka milioni 28 mwaka uliotangulia. Rafu za risasi zikawa tupu. Wapenzi wa kujaza upya walicheka kwanza, kwa sababu ndoo zao za maganda zilikuwa zimejaa. Kisha wakaishiwa fataki. Watengenezaji wakubwa wa fataki nchini humo walikuwa wanne tu, mmoja wao, Remington, alifilisika katikati ya mwaka huo huo, na viwanda vilivyobaki vilipendelea kuzitia fataki zao kwenye risasi kamili walizouza wenyewe. Starehe iliyodhaniwa kuwa ni kujitegemea ikaonekana inaning'inia kwenye milango ya viwanda vichache.

Tanzania haina starehe hiyo, na sheria haikusudii iwepo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa kumiliki silaha, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Hata bila sheria, binafsi ningemshauri mkulima wa Ikungi au mfugaji wa Mkalama mwenye shotigani halali asijaribu. Kosa dogo kwenye kipimo cha baruti halitoi onyo la kwanza.

Kinachomhusu zaidi ni risasi zilizozeeka ndani ya sanduku. Shaba inachukia chumvi, lakini inachukia zaidi hewa ya mkojo wa wanyama. Jeshi la Waingereza nchini India liliona maganda mazima yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika, na chanzo kilikuja kujulikana kuwa ni amonia kutoka kwenye mazizi ya farasi. Risasi iliyotunzwa karibu na zizi, au kwenye mkanda wa ngozi kwa miaka, huota kutu ya kijani na kuwa na nyufa usizoziona. Usiisugue, usiichome, usijaribu kuifungua. Kituo cha polisi ndicho mahali pake, na katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa.

Na ikitokea risasi imegoma ndani ya bunduki, usiifungue papo hapo. Fataki iliyolegea huweza kuchelewa kuwasha baruti kwa muda mfupi, kisha ikawaka. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu wala ng'ombe, hesabu taratibu mpaka nusu dakika au zaidi, ndipo uitoe ukiwa umegeuza uso pembeni, na isirudi mtutuni tena.