Profesa wa mwanga: kutoka Etna hadi kifua cha mtoto njiti

Septemba 1, 2016, Watanzania wengi walipokuwa wamefurika Rujewa, Mbarali, kutazama jua likipatwa, watafiti kutoka Sweden na wenzao wa Taasisi ya Afya Ifakara walikuwa Lupiro, mkoani Morogoro, wakifuatilia mbu. Walipitisha mwali wa leza kandokando ya kijiji, umbali wa zaidi ya nusu kilomita. Kila mdudu aliyekatiza alirudisha mwanga kidogo, na mapigo ya mabawa yake yakasaidia kutambua jamii yake, hata kama ni jike au dume. Jua lilipofifia, mbu waliongezeka angani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Kiongozi wa kazi hiyo, Mikkel Brydegaard, alisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Lund. Hapo tunamkuta Sune Svanberg, aliyepata uprofesa wa fizikia mwaka 1980, ambaye kwa miaka kadhaa alikaa pia katika kamati ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Maabara yake mashuhuri haikuwa chumba bali lori lenye leza na darubini.

Lori hilo liliwahi kupakiwa melini na kupitishwa chini ya moshi wa volkano za Etna na Stromboli, Italia. Pigo la leza likirushwa, vumbi la angani hurudisha sehemu yake ndogo. Hurushwa mapigo ya rangi mbili zinazokaribiana mno: moja humezwa na gesi inayosakwa, nyingine hupita bila kuguswa. Tofauti ya kinachorudi huonyesha wingi wa gesi, na muda wa kurudi huonyesha ilipo. Mwanga uliorejea baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde umegeukia mita 150. Kwa njia hiyohiyo, Svanberg na wenzake walipima mvuke wa zebaki Almadén, Hispania, penye machimbo ya kale ya madini hayo.

Wengi wangestaafu na volkano zao. Svanberg, ambaye mkewe Katarina ni daktari bingwa wa saratani, aliugeuzia mwanga mwili wa binadamu. Mwaka 2001 kundi lake lilieleza jinsi ya kupima gesi iliyojificha ndani ya vitu visivyopenyeka kwa macho, kama mbao. Ukibana tochi kiganjani gizani, vidole huwaka wekundu: mwanga hupenya, ila njia yake huvurugika. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ubunifu mkubwa kuliko kule Etna. Nyama na mbao humeza mwanga kwa upana, lakini gesi humeza katika mstari mwembamba mno wa rangi. Hivyo oksijeni, kwenye nanomita 760, hujitokeza hata katikati ya vurugu hiyo.

Ndivyo walivyofikia kuweka kichunguzi juu ya kifua cha mtoto mchanga na kusoma hewa iliyomo mapafuni, bila eksirei wala sindano. Kwa mtoto njiti, ambaye mapafu yake yanaweza kusinyaa ghafla, hilo ni jambo kubwa. Kifua cha mtu mzima bado ni kigumu: ni kinene, na mwanga hufifia kabla ya kuyafikia mapafu na kurudi. Kwa watoto wachanga, ngozi na mbavu ni nyembamba vya kutosha.