Kubadili Anwani za Ruta ya Mbali bila Kukata Mawasiliano: Hali ya Arua na Koboko

Makala haya yanafafanua namna fundi wa mitandao aliyeko Arua anavyoweza kubadili anwani za ruta iliyoko Koboko pasipo kuipoteza ruta hiyo. Miji hiyo miwili ya West Nile imetenganishwa na barabara ya zaidi ya kilomita 50. Kwa msafiri, huo si umbali mkubwa. Kwa kituo cha afya au ofisi ya manispaa iliyokatikiwa na mtandao saa nne asubuhi, ni siku nzima ya kazi iliyopotea, pamoja na nauli ya fundi.

Haja ya kubadili anwani hutokea kila taasisi inapohamia kwa mtoa huduma mwingine. Mkongo wa taifa unaosimamiwa na NITA-U umefikishwa Arua na Koboko, na kila njia mpya ya intaneti huja na anwani zake. Anwani za umma kwa kawaida hubaki mikononi mwa mtoa huduma, isipokuwa taasisi iwe imepewa zake na AFRINIC, msajili wa anwani wa Afrika mwenye makao Mauritius. Tangu Januari 2020 msajili huyo hatoi zaidi ya anwani 1,024 za toleo la nne kwa mgao mmoja. Kwa hiyo taasisi ndogo hutumia za kuazima, na cha kuazima hurudishwa.

Ugumu wenyewe unatokana na jambo moja: fundi huifikia ruta kwa anwani ileile anayotaka kuibadili. Tuseme ruta ya Koboko inatumia 192.0.2.10 na lango lake ni 192.0.2.1, nayo inapaswa kuhamia 198.51.100.10 yenye lango 198.51.100.1. Fundi anaandika amri ya kubadili anwani. Ruta inatii papo hapo, na kikao kinakatika. Amri ya pili, ile ya kubadili lango, haifiki kamwe. Ruta sasa ina anwani mpya lakini inaelekeza kila kitu kwenye lango la zamani ambalo haiwezi tena kulifikia. Haijaharibika, taa zake zinawaka, na mtu wa Koboko akipigiwa simu atajibu kwa haki kabisa kwamba mashine ni nzima.

Usiache mbachao kwa msala upitao: anwani mpya huongezwa kando ya ile ya zamani, wala haiwekwi mahali pake. Katika ruta za Cisco tofauti hiyo hubebwa na neno moja tu mwishoni mwa amri, linaloitambulisha anwani mpya kuwa ya ziada. Likisahauliwa, ya zamani hufutwa. Zote mbili zikiwapo, ile mpya hujaribiwa kutoka nje.

Hapa pana mtego usiotajwa mara nyingi. Pakiti inaweza kuingia kwa anwani mpya, kisha jibu lake likatoka kupitia lango la zamani. Mtoa huduma wa zamani, akiona chanzo kisicho chake, hulitupa, na akifanya hivyo anafuata kanuni njema ya kuzuia udanganyifu. Fundi atadhani anwani mpya haifanyi kazi, kumbe kinachokosekana ni agizo kwamba majibu yafuate njia ya anwani yalikotoka. Agizo hilo huwekwa kabla ya jaribio. Orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwenye ruta nayo huongezewa anwani mpya mapema, la sivyo mlango utakuwapo na ufunguo utakosekana.

Hata hivyo mkono hukosea, na kwa hiyo ruta yenyewe ipewe uwezo wa kurudi nyuma. Mfumo wa Junos hukubali mabadiliko ya muda: yasipothibitishwa ndani ya dakika 10, hujirudisha ulikokuwa. MikroTik ina hali ya usalama inayofuta mabadiliko kikao kikikatika, ingawa kumbukumbu yake ni ya vitendo 100 tu, na anayefanya mengi kwa mkupuo mmoja huiacha kinga hiyo nyuma. Kwa Cisco, njia iliyozoeleka ni kuiagiza ruta ijiwashe upya baada ya dakika kadhaa, pasipo kuhifadhi mabadiliko. Kazi ikifaulu, agizo hilo hufutwa na ndipo mabadiliko huhifadhiwa. Anayehifadhi mapema amejinyima njia ya kurudi. Anayesahau kuhifadhi atapoteza yote umeme utakapokatika, jambo ambalo West Nile, iliyoishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, haihitaji kufundishwa.

Vitabu vingi hushauri kazi hii ifanywe usiku wa manane. Kwa Koboko ushauri huo haufai. Usiku ofisi imefungwa na hakuna wa kuchomoa waya. Saa moja asubuhi, mtu wa huko akiwa mbele ya mashine na karatasi yenye hatua mbili tatu za kufuata, ni bora zaidi. Modemu yenye laini ya simu, iliyounganishwa na ruta kama mlango wa pili, ni bora kuliko vyote hivyo, maana haitegemei anwani inayobadilishwa.

Anwani ya zamani isiondolewe siku hiyohiyo. Muda wa kumbukumbu katika mfumo wa majina wa DNS hufupishwa siku chache kabla, kisha trafiki inayoendelea kuiendea anwani ya zamani huangaliwa. Mara nyingi hubaki printa moja, au kompyuta ya mhasibu iliyoandikiwa anwani kwa mkono miaka iliyopita. Hizo zikishahamishwa na hesabu ya pakiti ikasimama kwenye sifuri kwa siku kadhaa, anwani ya zamani huondolewa, nayo huondolewa chini ya saa ileile ya kujirudisha.