Mteja Aliyeondoka Hurudi kwa Kipimo: Somo kutoka Biashara ya Maziwa ya Mwanhuzi

Mji wa Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Wakazi wengi wa wilaya hii hulima pamba na kufuga ng'ombe. Katika miaka ya 2016 na 2017, mkoa ulipohimiza wilaya zake zijitafutie bidhaa za kutengeneza, Maswa ilijulikana kwa chaki, na Meatu kwa maziwa yaliyosindikwa na vijana. Hata hivyo, hapana budi kumkumbuka pia mchuuzi mdogo apelekaye maziwa majumbani na migahawani kwa baiskeli. Swali lake ni la wafanyabiashara wadogo wote: mteja aliyeondoka hurudishwaje?

Mteja hupotea lini?

Kwa kawaida ununuzi wa pamba huanza mwezi Mei. Hivyo fedha huingia mjini wakati ule ule ambapo mvua zimekwisha, malisho yanakauka na ng'ombe wanapunguza maziwa. Wanunuzi huwa wengi na maziwa huwa haba. Hapo ndipo kishawishi huzaliwa: lita 8 za maziwa zikitiwa lita 2 za maji, huwa lita 10. Faida huonekana siku hiyo hiyo. Hasara huja baadaye, mvua zinaporejea na maziwa kujaa kila mtaa. Sasa mnunuzi ana hiari ya kuchagua, naye humwepuka yule aliyemuuzia maji. Muuzaji husema kwamba biashara imekuwa mbaya mwezi huo, kumbe wateja wake alianza kuwapoteza tangu kiangazi.

Kwa nini maneno hayatoshi?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini maziwa safi na maziwa yenye maji kidogo hufanana machoni. Kizuri kisichoonekana uzuri wake hakiwezi kujiuza. Hapana budi kithibitishwe. Sayansi inampa mchuuzi njia tatu rahisi.

Ya kwanza ni laktomita, chombo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Lita moja ya maji huwa na uzito wa kilo 1 hivi; lita moja ya maziwa halisi ya ng'ombe huwa kati ya kilo 1.028 na 1.032. Laktomita husoma tarakimu za mwisho, yaani 28 hadi 32. Maziwa yanayosoma 30 yakitiwa maji hadi maji yawe sehemu 2 katika kila 10, chombo huzama zaidi na kusoma 24 hivi. Vipimo hivi ni vya maziwa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Yakiwa ya moto zaidi, usomaji hupungua hata pasipo maji, basi ni lazima joto lipimwe pia.

Ya pili ni spiriti. Changanya kiasi sawa cha maziwa na spiriti ya asilimia 70 hivi. Maziwa yaliyoanza kuchacha hufanya mabonge. Maziwa hayo ya majaribio humwagwa.

Ya tatu ni joto na usafi. Penye joto, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kila nusu saa. Kwa muda wa saa 5, mmoja huweza kuwa zaidi ya 1,000. Maziwa yakipashwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha yakapozwa upesi, vijidudu vingi vya maradhi hufa, vikiwamo vya homa ya kutupa mimba iwapatayo ng'ombe na watu. Dumu la plastiki lenye mikwaruzo huficha uchafu. Kopo la alumini lenye mdomo mpana husafishika vema.

Hatua za kuwarudisha wateja

Kwanza, andika majina ya walioacha kununua, uwaendee na kuwauliza sababu. Sikiliza bila kujitetea. Pili, pima maziwa mbele ya mteja, mlangoni pake, na umwache asome mwenyewe. Tatu, tumia kipimo cha ujazo kilichohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Nne, badili jambo moja kwa wakati mmoja, kama vile saa ya kufika, na uandike mauzo ya kila siku kwa majuma mawili kabla na baada. Ukibadili mambo matatu pamoja, hutajua lipi lililoleta nafuu. Tano, maziwa yanapopungua, gawa kidogo kwa wateja wote wa kudumu, au tangaza wazi bei mpya. Wakati wa neema, ziada igeuzwe mtindi, ambao hudumu zaidi na kupata wanunuzi wapya.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo kwa wajasiriamali, na Bodi ya Maziwa husimamia biashara hii nchini. Lakini hatua ya kwanza ni ya mchuuzi mwenyewe. Muuza nafaka ana mizani yake, na fundi cherehani ana futi yake. Mwenye kumwachia mteja asome kipimo wakati wa shida, hatakuwa na haja ya kumbembeleza wakati wa neema.