Muuguzi naye apumzike: Likizo ni haki, na hesabu yake ianzie kwenye bajeti

Karibu kila wodi ya hospitali ya umma hapa Kenya ina karatasi iliyobandikwa ukutani, karibu na meza ya wauguzi, ambayo husomwa kwa makini kuliko tangazo lolote. Ni rosta. Upande wa kushoto yameandikwa majina, juu zimepangwa tarehe za mwezi, na katika kila kisanduku kuna herufi moja au mbili: asubuhi, alasiri, usiku au offu. Muuguzi anayeingia zamu huitazama hata kabla hajaweka mkoba chini. Atatafuta jina lake, ahesabu naiti zilizobaki, kisha atatupa jicho kwenye majina ya wenzake. Akiona mstari mrefu mbele ya jina la mmoja wao, yaani mwenzake yuko likizo, atajiuliza: sasa tumebaki wangapi?

Swali hilo ndilo huamua likizo ya muuguzi, ingawa fomu ya likizo haina mahali pa kuliandika. Karani akienda likizo, faili zake zitamngoja mezani. Mwalimu hupumzika shule zikifungwa. Wodi haifungwi. Mama aliyeshikwa na uchungu saa tisa usiku hawezi kuambiwa arudi baada ya Krismasi, na dripu hubadilishwa siku ya Idd kama siku nyingine yoyote. Ndiyo maana muuguzi anayeomba siku zake mara nyingi hajibiwi kwa kukataliwa waziwazi. Huambiwa angoje. Ngoja mwezi huu upite. Ngoja aliye kwenye likizo ya uzazi arudi. Ngoja wapya waajiriwe. Akija kushtuka, mwaka umekwisha na siku zake ziko pale pale.

Inchaji wa wodi mwenye huruma hawezi kulimaliza tatizo hili peke yake. Litamalizwa na kaunti inayoajiri wauguzi huku ikijua tangu mwanzo kwamba kila mmoja wao ataondoka kwenda kupumzika.

Mji wa njia panda

Mariakani ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili kwa karibu. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, katika kaunti ya Kilifi, mpakani na Kwale. Malori ya mizigo kutoka bandarini hupitia kwenye mizani yake. Barabara za Kaloleni na Bamba zinaanzia hapa, treni ya SGR ya abiria wa kaunti hadi kaunti husimama hapa, na viwanda vya mabati na chuma vimevuta watu kutoka kila pembe ya nchi.

Hospitali ya mji wa namna hii haichagui wagonjwa. Hupokea akina mama wa vijiji vya bara, watoto wenye malaria na kuhara, wazee wa shinikizo la damu na sukari, na wakati wowote huweza kuletewa majeruhi wa ajali ya barabarani. Muuguzi aliyeanza zamu akiwa na wodi tulivu huenda akaimaliza akiwa ameloa jasho.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje halioni kwenye rosta. Mgonjwa akizidiwa na ikabidi apewe rufaa, iwe Kilifi mjini au hospitali kuu ya rufaa ya Coast General kule Mombasa, haachwi aende na dereva peke yake. Muuguzi humsindikiza ndani ya ambulensi. Njia ya Mombasa hupitia Mazeras, Miritini na Changamwe, na kila mtu wa Pwani anaujua msongamano wa malori sehemu hizo. Kwenda, kumkabidhi mgonjwa na kurudi ni saa kadhaa. Kama zamu ilikuwa na wauguzi wawili, mmoja amebaki na wodi nzima. Kwa hivyo msimamizi anapoisoma fomu ya likizo huwaza pia ambulensi ambayo huenda ikaitwa usiku.

Wauguzi watano kwa nafasi moja

Tuseme wodi inahitaji muuguzi mmoja tu awepo usiku na mchana, mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hutoa saa 2,080 kwa mwaka, iwapo hapumziki zaidi ya offu zake za wiki. Toa siku 30 za likizo anazostahili mtumishi wa umma, kisha toa sikukuu za taifa na za dini, ambazo ni kama 12. Zinabaki saa 1,744. Ukigawanya, utaona kwamba nafasi hiyo moja inataka wauguzi wasiopungua watano kwenye orodha ya mishahara. Hapo bado hakuna aliyeugua, aliyejifungua wala aliyeenda kuongeza masomo.

Wakiwa wanne, hesabu inagoma hata kabla ya mtu kuomba likizo, kwa sababu saa zao zote kwa pamoja ni 8,320. Rosta itajazwa, maana karatasi haikatai kuandikwa, lakini saa zinazopungua zitatoka miilini mwa watu: naiti inayoongezwa, offu inayofutwa kwa simu, likizo inayosogezwa mbele.

Wakati huohuo kazi imeongezeka. Huduma ya uzazi katika vituo vya umma ilifanywa kuwa ya bure kuanzia Juni 1, 2013. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia ule wa 2022, kiwango kilikuwa asilimia 82. Ni ushindi mkubwa kwa akina mama wa Kenya. Lakini kila mama aliyeacha kujifungulia nyumbani anahitaji mkono wa mkunga unaompokea, na mkono huo ni wa muuguzi yuleyule anayeomba wiki mbili akapumzike.

Upungufu huu si wa Kilifi peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 ilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9 mwaka 2018, na karibu asilimia 90 ya pengo hilo liko katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Nchi tajiri nazo zinawatafuta wa kwetu: Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi huko. Muuguzi aliyechoka, ambaye kila ombi lake la mapumziko hurudi na neno "ngoja", hahitaji kushawishiwa sana.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inampa kila mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili kila anapotimiza miezi 12 kazini. Mwajiri akitaka kuigawanya vipandevipande, lazima mfanyakazi akubali, na isipokuwa kuna mapatano tofauti, kipande kimojawapo kiwe wiki mbili mfululizo. Haki hii haibagui wa kudumu na wa kandarasi, wa serikali na wa hospitali ya binafsi.

Kifungu cha 29 kinampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Tena kinasema wazi kwamba mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa kuwa alichukua ya uzazi. Wauguzi wengi ni wanawake, na wapo wanaoambiwa, "Wewe si umetoka likizo juzi?" Jibu liko ndani ya sheria. Kifungu cha 30 nacho kinahusu ugonjwa: aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anastahili angalau siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, akileta cheti cha daktari.

Kenya pia imeridhia Mkataba namba 149 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1977, unaotaka wauguzi wapate masharti yasiyopungua ya wafanyakazi wengine katika saa za kazi, mapumziko ya wiki na likizo ya mwaka. Pendekezo namba 157, lililopitishwa pamoja nao, linasema kati ya zamu na zamu muuguzi apumzike saa 12 mfululizo.

Pengo moja la sheria linauma sana Pwani. Sheria ya Ajira haitaji likizo ya msiba. Kwa Mmijikenda, hanga, yaani matanga, ni la ukoo mzima. Watu hukesha, hupika, hupokea wageni na hukaa na wafiwa, na ndugu asiyeonekana mazishini husemwa kwa miaka. Muuguzi aliyezaliwa Bamba au Chonyi akifiwa hutegemea masharti ya mwajiri wake au huruma ya msimamizi. La sivyo anakata siku zake za mwaka. Aliyetoka Kisii au Busia ana mzigo zaidi, kwa kuwa siku mbili za offu huishia ndani ya basi. Bunge lingefanya jambo la haki kuliingiza suala hili katika sheria.

Inchaji yuko kati

Wasimamizi wa wodi hulaumiwa sana, na wapo wanaostahili: wanaowapendelea marafiki, wanaomnyima likizo aliyewahi kulalamika, wanaompa Desemba mtu yuleyule kila mwaka. Lakini wengi wao wamebanwa. Inchaji akimruhusu mmoja pasipo mtu wa kumshikia, mzigo unawaangukia waliobaki, na mgonjwa ndiye huumia. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali za Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Kumnyima muuguzi mapumziko ni hatari. Kumpa bila kuziba nafasi yake nako ni hatari. Kutoka katika mtego huu kunahitaji mtu wa ziada, na inchaji hana uwezo wa kuajiri.

Hata hivyo yapo anayoweza kuyafanya. Jedwali la likizo la mwaka mzima lipangwe mapema na libandikwe pale pale ilipo rosta, kila mtu aone. Desemba na sikukuu zizungushwe, aliyepumzika mwaka huu afanye kazi ujao. Wakristo na Waislamu wa wodi moja wanaweza kushikiana Krismasi na Idd, na wodi nyingi za Pwani zinalifahamu hilo. Ombi likikataliwa, sababu iandikwe na tarehe nyingine itolewe papo hapo.

Muuguzi naye asiombe likizo kwa mdomo kwenye korido. Ajaze fomu mapema na abaki na nakala. Akibadilishana zamu na mwenzake, wote wawili watie saini na msimamizi ajue, maana likitokea jambo ataulizwa yule ambaye jina lake liko kwenye rosta. Siku zikirundikana, aandikie ofisi ya rasilimali watu, na asipojibiwa amwone mwakilishi wa chama cha wauguzi, KNUN. Nguvu ya chama hicho tuliiona 2017, wauguzi wa umma walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba. Nchi nzima iliona vilevile gharama ya kuwasikiliza wauguzi pale tu wanapoondoka wodini.

Kwa wakazi wa Kilifi

Tangu 2013 hospitali za umma za kiwango cha Mariakani ziko chini ya kaunti. Kaunti ndiyo huajiri, kulipa na kupanga idadi ya wauguzi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo mbili wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa maswali ya barabara, maji na basari, nayo ni maswali ya haki.

Safari ijayo, mkazi wa Mariakani, Kaloleni, Malindi au Kilifi ainuke aulize na hili: wauguzi waliomo kwenye bajeti wamehesabiwa pamoja na likizo zao? Kuna fedha za kumlipa mtu wa kushika nafasi ya aliye kwenye uzazi? Wawakilishi wadi wanaoketi katika bunge la kaunti kule Malindi watoe jibu kwa nambari, na wadi ambayo haina jibu iendelee kuuliza hadi lipatikane. Tuwaombee wauguzi wetu likizo kwa nguvu ileile tunayoomba nayo dawa na vitanda, kwa kuwa wao ndio watakaotushika mkono siku tutakapopelekwa wodini tukiwa hatujiwezi.