Mawazo ya mjamzito si deko



Siku moja alifika zahanati mama mwenye ujauzito wa miezi sita. Ilikuwa mara yake ya tatu kuugua maambukizi ya njia ya mkojo. Tumbo nalo lilimsumbua: leo limejaa gesi, kesho anaharisha. Mama mkwe aliyemsindikiza akasema, "Huyu anadeka tu. Sisi tumezaa saba na hatukuyajua haya." Nilipobaki na mgonjwa ndipo akaeleza kuwa mumewe yuko safarini, kodi ya nyumba imekwisha na usiku hapati usingizi.

Je, mawazo yana uhusiano gani na tumbo?

Mtu anapopata hofu, ubongo huziamrisha tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni, mojawapo ikiwa kotisoli. Ikipanda kwa muda mfupi humsaidia kukabili hatari. Ujauzito wenyewe huipandisha kwa kawaida, na kondo la nyuma huzuia sehemu kubwa isimfikie mtoto. Kinga ya mama nayo hujipanga upya ili imvumilie mtoto, ambaye nusu ya asili yake ni ya baba.

Tatizo ni mawazo ya wiki na miezi. Hapo kinga huyumba. Askari wa mwili hupungua makali, huku kemikali zinazoleta uvimbe zikiongezeka. Mwaka 1991 mtaalamu Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa watu 394 wenye afya, waliotiwa virusi vya mafua puani kule Uingereza. Waliokuwa na msongo zaidi ndio walioambukizwa zaidi. Hao hawakuwa wajawazito, lakini wanatuonyesha kuwa mawazo hufungulia maradhi mlango.

Ama kuhusu tumbo, ndani ya utumbo mpana wanaishi matrilioni ya bakteria, wengi wao wakiwa rafiki. Huvunja mabaki ya chakula, hutengeneza baadhi ya vitamini na huizoesha kinga kumjua adui. Msongo hubadili mwendo wa chakula na unaweza kuvuruga uwiano wa bakteria hao. Na mtoto huanza maisha yake kwa bakteria anaowapata hasa kwa mama, wakati wa kuzaliwa na wa kunyonya.

Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watoto 56. Wale ambao mama zao walikuwa na msongo mkubwa na kotisoli nyingi walikuwa na bakteria rafiki wachache, na walionekana kupata zaidi matatizo ya tumbo na mzio. Utafiti huo ni mdogo, wala hauna maana kuwa kila mama mwenye mawazo atazaa mtoto mgonjwa. Basi mama asiongezewe hofu juu ya hofu.

Nini kifanyike nyumbani?

Kwanza, apunguziwe mzigo. Maji, kuni na kufua vifanywe na wengine, naye apate usingizi wa kutosha.

Pili, mume azungumze naye, hata kwa simu, juu ya fedha na matumizi. Kutojua kesho kutakuwaje humchosha mtu kuliko kazi.

Tatu, ale maharage, mboga za majani, matunda na ugali wa dona, ambavyo ni chakula cha bakteria rafiki. Mtindi ni mzuri, ila utokane na maziwa yaliyochemshwa.

Nne, asinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha, kwani huua bakteria wabaya na wazuri pamoja. Lakini akiandikiwa baada ya vipimo, amalize dozi.

Tano, asikose kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane.

Aidha, si kila ugonjwa ni mawazo. Homa, kutokwa damu, kichwa kuuma sana, degedege au mtoto kuacha kucheza ni mambo ya kuwahi hospitali. Vivyo hivyo huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, au fikra za kujidhuru.

Yule mama tulimpima mkojo na kumpa dawa. Kisha, kwa ridhaa yake, nikamwita mkwewe nikamweleza haya. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa nimpikie nini?"

Hilo ndilo swali la kuuliza. Tukutane toleo lijalo, Insha Allah.