Difu ya 4.1 au 3.7? Muulize Kitonga
Fundi anakwambia: "Tubadilishe difu, pikapu ile mafuta kidogo." Subiri kwanza. Hiyo namba ni hesabu ya meno tu: kraunwili 41 kwa pinioni 10 ni 4.1, 37 kwa 10 ni 3.7. Kwa 3.7 injini inazunguka polepole zaidi kwa mwendo uleule, ila nguvu ya kuvuta kwenye tairi inapungua karibu asilimia 10. Na Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa nyepesi imeshainyang'anya injini isiyo na turbo kama asilimia 15. Ukishuka Kitonga na mzigo, gia ileile inakushika kidogo. Breki ndizo zinaungua. Mimi ningebaki na 4.1. Kama gari linavuta magurudumu yote manne, ukibadili difu ya nyuma, badili na ya mbele.