Vidonda vya Ngozi ya Uso Vitokanavyo na Kuathirika kwa Neva ya Trijemia, na Tiba Yake

Hisia za ngozi ya uso hupelekwa kwenye ubongo na neva ya trijemia, yenye matawi matatu: la macho, la taya la juu na la taya la chini. Neva hiyo inapoathirika, eneo linalohusika hufa ganzi, lakini mgonjwa huweza kubaki na hisia bandia: mwasho, kuungua, au kitu kinachotambaa chini ya ngozi. Hapo ndipo kidonda huanzia. Mgonjwa hukuna na kubandua magamba, mara nyingi bila kujitambua au akiwa usingizini, na kwa kuwa maumivu hayapo, hakuna cha kuuzuia mkono wake.

Kidonda hukaa zaidi kwenye bawa la pua, kikiwa na umbo la mwezi mwandamo, na huweza kuenea hadi shavuni na mdomo wa juu. Ncha ya pua kwa kawaida husalimika, kwani hisia zake hupitia tawi la macho. Dalili hiyo humsaidia daktari, ila haitoshi: saratani ya ngozi, kifua kikuu cha ngozi na leishmania huweza kufanana na hali hii, hivyo ni lazima kipande cha ngozi kipimwe maabara.

Chanzo kinachojulikana sana, na chenye kejeli ndani yake, ni tiba: kuunguza au kukata fundo la neva ili kuondoa maumivu makali ya uso. Vingine ni kiharusi cha shina la ubongo, mkanda wa jeshi, uvimbe na ukoma. Kidonda huweza kutokea miaka mingi baadaye. Daktari asiyeuliza historia ya mgonjwa hatauona uhusiano huo.

Tiba huanza kwa maelezo, wala si kwa lawama. Mgonjwa anayekemewa kwamba anajidhuru huficha tabia hiyo. Anayeelezwa kuhusu neva yake hukubali kufupisha kucha, kufunika kidonda na kuvaa glavu usiku. Gabapentini, karbamazepini na amitriptilini hupunguza hisia bandia kwa baadhi ya wagonjwa tu. Upasuaji wa kuziba pengo hufaa zaidi ngozi inapohamishwa pamoja na neva yake, kwani ngozi isiyo na hisia hukunwa tena na kuharibika.